Mavuno mawili: istilahi na soja ya saizoni B

Maagronomu wanaofika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema huku Kongo, wana istilahi ya Kifaransa, "double culture". Maana yake ni shamba moja kuvunwa mara mbili ndani ya mwaka, zao la pili likipandwa baada ya la kwanza kutoka. Wakitafsiri papo hapo husema "kulima mara mbili", na mkulima wa huku huelewa jambo jingine kabisa: arudie jembe kwenye ardhi ile ile kabla ya kupanda. "Mazao mawili" humpeleka kwenye mpunga uliochomekwa mihogo katikati, kazi aliyoijua tangu utotoni, na jina lake ni kilimo mseto. "Misimu miwili" inakaribia, ila huku mtu anaweza kulima msimu wa kwanza pori hili na wa pili pori lile, kila shamba likatoa mara moja tu.

Mimi nashika "kilimo cha mavuno mawili". Neno mavuno linahesabu kilichofika nyumbani. Soja iliyopandwa mwishoni mwa Machi ikakaukia shambani na maganda matupu si zao la pili, ni mbegu iliyopotea, na istilahi nzuri inapaswa kulikataa jambo hilo tangu mwanzo.

Mvua za Maniema ya kusini huanza Septemba na kupungua Mei, kisha kiangazi kinashika hadi Agosti. Saizoni A, inayoanza na mvua hizo, ni ya mpunga, na saizoni B inayoifuata ni ya soja; mpunga uliingia huku karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Hebu tuhesabu. Mpunga wa siku 120 uliopandwa mwanzoni mwa Oktoba huvunwa mwishoni mwa Januari. Ukitoa wiki mbili za kusafisha, soja inaingia ardhini katikati ya Februari. Aina ya siku 100 itakomaa mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zinaaga. Aina ya siku 120 itafika katikati ya Juni, na punje zake zitakuwa zinajaa wakati udongo umeshakauka. Mpunga ukichelewa hadi Novemba, hesabu yote inavunjika. Ndiyo maana nasema mavuno ya soja huamuliwa Oktoba, siku mpunga unapopandwa, na anayetaka soja nyingi aanze kwa kutafuta mpunga unaowahi kukomaa.

Zaidi ya kalenda, kuna jambo linaloifupisha soja yetu. Mmea huu huitikia urefu wa mchana na usiku, kama watafiti Garner na Allard walivyoeleza huko Marekani mwaka 1920. Kasongo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, mchana wake hauzidi sana saa 12, kwa hiyo aina nyingi za soja hutoa maua mapema, mche ukiwa bado mfupi. Mche mfupi haufuniki mistari mipana. Jua linapiga udongo na magugu yanajaa. Mistari ya sentimita 50, mbegu kila sentimita 5, inatoa miche 400,000 kwa hekta. Ukiisogeza hadi 40 unapata 500,000. Wamarekani wanaopanda soja baada ya ngano nao hubana mistari na kuongeza mbegu, kwa sababu zao lao la pili pia hukosa siku za kurefuka.

Soja inafaa kufuata mpunga kwa kuwa mpunga umeshakula naitrojeni ya shamba, na soja inaweza kujitafutia yake hewani, ikipata bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Soja ikianza kutoa maua, ng'oa mche mmoja, osha mizizi, kata kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, kazi inafanyika; kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Watafiti wa taasisi ya kilimo cha tropiki, IITA, kule Ibadan, Nigeria, walizalisha aina za TGx ambazo hukubali bakteria wa Afrika, jamaa ya wale wa kunde. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009, ulieneza pia katika Kivu ya Kusini kazi ya kupaka mbegu bakteria. Hao ni viumbe hai: wapakwe kivulini, mbegu ipandwe siku hiyo hiyo, udongo ukiwa na unyevu. Anayewaleta Kasongo kwa pikipiki awakinge na jua njia nzima.

Udongo wetu ni mchachu na fosforasi yake ni haba. Majivu ya pori lililochomwa husaidia mpunga; kufikia Februari mvua zimeshayaosha. Samadi ya mbuzi ikitiwa ndani ya mstari inafaa, na mabua ya mpunga yaachwe yafunike ardhi, yasichomwe.

Linalobaki ni mbegu, na hapa ndipo naona wengi wanashindwa. Soja ina mafuta karibu asilimia 20, na uwezo wake wa kuota hushuka haraka penye joto na unyevu. Iliyovunwa Juni itakaa miezi minane kabla ya Februari. Otesha punje 100 kwenye mchanga uliolowa. Zikitoka chini ya 80, tafuta nyingine. Dawa ni kupanda kishamba kidogo cha soja katika saizoni A, kivunwe Januari, mbegu iende shambani ikiwa mpya. Hatari yake ni kutu ya majani, ugonjwa uliothibitika Uganda mwaka 1996, ambao vumbi lake hubebwa na upepo na hutoka soja mbichi kwenda soja mbichi. Kwa hiyo kishamba hicho kiwe mbali na shamba la saizoni B, kivunwe chote, miche iliyojiotea ing'olewe kabla ya kupanda, na majani ya chini yapinduliwe kila wiki kutafuta madoa ya kahawia upande wa nyuma.