Saida Karoli, kanda ya 2001 na sisi watu wa Ngara

Nilipotea kidogo maana tesiti tatu ndani ya wiki moja si mchezo, hata nguo zililala kwenye ndoo siku mbili. Leo sitalalamikia wali wa kafeteria. Nataka tuongee historia.

Juzi usiku rumu kwetu kulizuka ubishi. Mshkaji wangu mmoja ni mgonjwa wa roki, akaanza kutusomesha habari za Nirvana: eti walitokea pembezoni, pande za Seattle, wakatoa Nevermind Septemba 1991, na Januari 1992 wakamshusha Michael Jackson kutoka namba moja Marekani. Akamalizia kwa dharau, "Bongo hakuna albamu iliyowahi kutoka porini ikatikisa namna hiyo."

Mimi ni mtoto wa Ngara. Nikamwambia kaa chini kijana, nikusimulie habari za Saida Karoli.

Mwaka 2001 mji ulikuwa umeshashikwa na Bongo Flava. Ndiyo mwaka Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, na vijana wote wa mjini walitaka kurap. Katikati ya hapo anaibuka dada kutoka kijijini Bukoba Vijijini, ana ngoma na sauti yake, anaimba Kihaya. Wimbo jina lake hasa ni Maria Salome, ila nchi nzima iliudaka kwa yale maneno machache ya Kiswahili, ukawa Chambua Kama Karanga. Kanda ikapigwa kwenye baa, harusini, kwenye daladala, mpaka kwa watu wasiojua Bukoba iko upande gani wa ramani.

Msiseme ni kitu kidogo. Ngoma za makabila zilikuwepo redioni tangu zamani, lakini zilikuwa na chumba chao: kipindi cha ngoma za asili, sherehe za kitaifa, kupokea mgeni uwanja wa ndege. Wimbo wa kuchezea disko ulikuwa wa Kiswahili, au Kilingala kutoka Kongo. Saida alitoka kwenye kile chumba na lugha yake mkononi, hakuiacha mlangoni.

Sasa kwetu ilikuwaje? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana watu wa Dar wakisikia Kagera wanadhani wote ni Wahaya. (Nimeshachoka kuitwa nshomile hapa campus.) Ngara ni kwa Wahangaza na Washubi. Biharamulo kuna Wasubi na Wazinza, na enzi hizo Chato ilikuwa bado ndani yake. Kihaya tunaambulia neno hapa, neno pale. Kihangaza chetu kinakaribiana mno na Kirundi, kiasi kwamba Mhangaza na Mrundi wanaongea bila mkalimani.

Na hilo ndilo lilikuwa balaa letu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaijaza Benaco. Mwaka 1995 Majesuti wakaanzisha Radio Kwizera pale Ngara kwa ajili ya wakimbizi. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, Warundi wakabaki, wengi pale Lukole. Basi ukifungua mdomo mbele ya mgeni, unaulizwa wewe ni wa kambi gani.

Mama yangu alisafiri na mama mdogo kwenda Mwanza mwaka 2002, mimi sijazaliwa. Mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi kwenye mapori ya Biharamulo. Wakawa wanapiga stori zao kwa Kihangaza. Jamaa wa siti ya nyuma akauliza kwa sauti, "Hawa wakimbizi nani kawaruhusu kutoka?" Basi zima likageuka. Mama kazaliwa Rulenge, kabatizwa Rulenge. Wakanyamaza, kisha wakaendelea kwa Kiswahili, tena kile cha kusahihisha sahihisha.

Mbele kidogo dereva akachomeka kanda ya Saida. Yule jamaa akaimba, ila si Mhaya, anatamka ovyo tu! Basi zima likaimba. Mama anasema na yeye aliimba, huku anawaza: huyu dada hakuna anayemuuliza kitambulisho.

Ndiyo maana mimi simpingi anayesema albamu ile ilifungua mlango. Ilifungua kweli. Ila ulikuwa mlango wa Kihaya, na sisi wa upande wa pili wa pori tulipita kwa kujibanza nyuma ya mgongo wa Saida. Kosa si lake hata kidogo. Mwaka 2013 ilipokuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma, wazee wetu walirudi tena kwenye Kiswahili cha kusahihisha, hata sokoni.

Halafu Septemba 2016 Diamond na Rayvanny wakatoa Salome, wameuchukua ule wimbo wa Saida. Nilikuwa shule ya msingi, tukaucheza mpaka viatu vikatoboka. Watu wakaanza kuulizana yule mama wa wimbo wenyewe yuko wapi, na mwaka uliofuata Saida akatoka na Orugambo. Nyumbani, siku ya kwanza Salome ulipopigwa redioni, mama aliacha kuchambua maharage akaongeza sauti. Ndipo aliponisimulia ile habari ya basi. Aliisimulia yote kwa Kihangaza, na mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Mshkaji wa Nirvana alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si kawaida yake. Akauliza, "Sasa nyie Wahangaza mna nani?"

Sikuwa na jibu. Leo mchana nimempigia mama kumuuliza. Ameanza kunitajia wapiga ngoma wa harusini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na kijiji chake, nikawa naandika nyuma ya daftari la semina. Amefika wa saba salio likakata.

Boom likiingia naendelea.