Pia ya Goti

Mwaka 1988, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliteleza kwenye ngazi za bwalo akaangukia goti. Likavimba kama boga. Mazoezi ya kufundisha yalianza wiki iliyofuata, nami nikamwambia, "Jikaze, mwanangu." Tukamtafutia mzee wa kuchua. Uvimbe ulipungua, lakini kijana hakuweza kuunyoosha mguu vizuri, na kupanda ngazi kukawa kazi ya kushikilia ukuta. Pia ya goti ilikuwa imekatika vipande viwili ambavyo havikuungana.

Nilipostaafu nilisoma historia ya jambo hili. Niliyoyasoma yalinitia haya.

Pia ikikatika, msuli mkubwa wa paja huvuta kipande cha juu, na cha chini hubaki kimeshikwa na kano ya muundi. Katikati hujaa utando badala ya mfupa. Waganga wa Ulaya walijaribu vitambaa na magango. Mfaransa Malgaigne alibuni hata kulabu za chuma za kuvutanisha vipande. Kulifungua goti kwa kisu kuliogopwa sana, kwa kuwa usaha ukiingia kwenye kiungo, mtu hupoteza mguu au roho.

Mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuzuia usaha kwa dawa ya kaboliki. Miaka kumi baadaye, mwezi Machi 1877, Hector Cameron, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alifungua huko Glasgow goti lenye jeraha la zamani akaishona pia kwa waya wa fedha. Oktoba mwaka huohuo Lister mwenyewe alifanya hivyo London kwa mtu aliyeumia karibuni. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja mashuhuri alisema mgonjwa akifa, Lister ashtakiwe. Mgonjwa hakufa. Mwaka 1883 Lister aliwaeleza madaktari wenzake habari za wagonjwa saba.

Msomaji wangu, hesabu mwenyewe: tangu 1877 hadi 1988 ni miaka 111. Elimu ilikuwepo. Iliyokosekana ni busara ya mkuu wa chuo kumpeleka kijana hospitali.

Miaka yote nilifundisha methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Goti linaithibitisha. Jeraha bichi hushonwa upesi. Jeraha la zamani humtaka daktari aondoe utando, akwangue kingo za mfupa hadi zitoe damu, na pengine aurefushe msuli uliojikunja ndipo vipande vikutane. Hata hivyo inawezekana, na hapo methali yangu hupungukiwa: samaki mkavu naye hukunjika, ila kwa subira na mikono ya fundi.

Kijana wangu alipasuliwa mwaka 1996, akiwa mwalimu tayari. Sasa hupanda ngazi bila ukuta, ingawa hawezi kuchuchumaa. Nilipomwendea kumwomba radhi, aliniamkia kwanza, akanipa kiti, kisha akasema, "Mwalimu, yale mazoezi nilifaulu."

Hakusema zaidi. Ningependa angenilaumu, maana lawama ningejua jinsi ya kuijibu.