Injini Iliyopewa Jina la Meru

Sisi wakaaji wa Tengeru huutazama mlima Meru kila kukipambazuka. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa palikuwa na injini ya gari la moshi iliyochukua jina lake.

Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za mvuke zilizoundwa Manchester, Uingereza. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, nayo ikaitwa kwa jina la mlima. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani haijapata kuwako injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Zilikokota mizigo toka Mombasa kupanda Nairobi, na hivyo Meru ukatajwa na watu wasiopata kuuona.

Zilipokuja injini za dizeli, hizo kuu zilikatwa zikawa chuma chakavu, na Meru pamoja nazo. Zimesalia mbili tu, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971: Gelai, namba 5918, na Shengena, namba 5930. Gelai ni mlima wa mkoa wetu, karibu na ziwa Natron. Shengena ni wa Upare. Mwalimu atakayewapeleka watoto huko na awasomee majina hayo mawili.