Saikolojia Tiba: Istilahi na Kazi Yake

Saikolojia tiba ni tawi la saikolojia linalochunguza matatizo ya fikra, hisia na mwenendo wa mtu, na kumsaidia kwa vipimo, mazungumzo na mazoezi. Mtaalamu wake ni mwanasaikolojia tiba. Wengi humchanganya na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amesomea udaktari na huandika dawa.

Saikolojia ilianza kusimama kama sayansi mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara mjini Leipzig, Ujerumani, na kupima mambo kama muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga. Mwanafunzi wake Mmarekani, Lightner Witmer, ndiye aliyeitoa sayansi hiyo maabarani na kuipeleka kwa wenye shida. Mwaka 1896, mwalimu mmoja wa Philadelphia alimletea mvulana wa miaka 14, mwerevu lakini aliyeshindwa kabisa tahajia. Witmer alimpima, akagundua kasoro ya macho. Mvulana akapewa miwani, ndipo akafundishwa upya kuyatambua maneno. Mwaka huohuo Witmer akaanzisha kliniki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1907 akaipa taaluma hiyo jina.

Jina hilo kwa Kiingereza ni clinical psychology, na neno clinical lina asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya kitanda, yaani pale tabibu anapomhudumia mgonjwa. Wapo wanaolitafsiri jina hilo kuwa saikolojia ya kliniki. Lakini kwetu “kwenda kliniki” ni mjamzito kupimwa au mtoto kupimwa uzito na kupata chanjo. Saikolojia ya kitabibu nayo humrudisha msomaji kwa daktari yuleyule tuliyetaka kumtofautisha. Neno tiba, kwa upande wake, hutaja lengo la kazi, wala haimaanishi dawa peke yake: twasema tiba ya viungo na tiba ya mionzi.

Taaluma hii tayari ipo kwetu. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa shahada ya uzamili katika fani hii, na Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Mzazi ambaye mwanawe halali usiku tangu ashuhudie ajali anastahili kujua, kabla hajabisha hodi, kama anakwenda kwa mshauri nasaha, mwanasaikolojia tiba au daktari, na kila mmoja atamfanyia nini. Ndiyo maana istilahi hii inapaswa kuandikwa kwa namna moja katika vyuo, hospitali na magazeti.