Tarakimu za Kirumi na Tano ya Waturkana

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma hukutana na tarakimu za Kirumi mahali asipozitazamia. Kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa Kakuma mwaka 1992 ina sehemu nne, nazo aghalabu huandikwa Kakuma I, II, III na IV. Upande wa ziwani, mahali yalipofukuliwa mifupa ya yule mvulana wa kale ambaye Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu lake mwaka 1984, panaitwa Nariokotome III. Bwawa la Gibe III, lililozinduliwa mwaka 2016 katika mto Omo huko Ethiopia, limezuia maji yaliyokuwa yakiteremka kwa hiari yake hadi ziwa la Turkana. Na Lodwar yenyewe ilifanywa jimbo la Kikatoliki mwaka 1978, zama za Papa Paulo VI.

Tazama namna zinavyosomwa. Paulo VI ni Paulo wa Sita, lakini Kakuma II ni Kakuma mbili. Alama yenyewe haisemi kama ni idadi au ni cheo katika mfuatano. Kiswahili ndicho kiamuacho, kwa kutia kiunganishi au kukiacha.

Mfumo wenyewe una herufi saba: I ni moja, V tano, X kumi, L hamsini, C mia, D mia tano na M elfu. Sifuri haimo. Kubwa ikitangulia, ndogo huongezwa. Ndogo ikitangulia kubwa, hupunguzwa. Hivyo 1978 huandikwa MCMLXXVIII. Hayo yote mwalimu wa hisabati huyafundisha kwa vipindi vichache. Lisilotajwa darasani ni kwamba V imo humo kama kituo cha kupumzikia: mtu huhesabu hadi tano, kisha huanza tena juu yake.

Hapo ndipo Kiturkana kinapotuvutia. Mashina yake ya hesabu ni -pei, -arei, -uni, -omwon na -kan, yaani moja hadi tano. Baada ya hapo hakuna neno jipya mpaka kumi, -tomon. Sita ni kan ka pei, tano na moja. Saba ni kan ka arei, tano na mbili. Nane ni kan ka uni. Kiungo ka ni sawa na "na" yetu. Shina la tano nalo lasikika karibu sawa na akan, mkono, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewahi kuhesabu kwa vidole. Basi mtoto wa Lodwar aonapo VII huwa anaona neno la mama yake limeandikwa kwa herufi: V ni kan, II ni arei.

Kiswahili hakimsaidii hivyo. Sita, saba na tisa tumezipokea kutoka Kiarabu, zikazisukuma pembeni tandatu, mfungate na kenda. Ndani ya nane yasikika nne, na ndani ya tandatu yasikika tatu, kana kwamba wahenga wa Kibantu walipenda kuyakabili makundi mawili yaliyo sawa kuliko kuuegemea mkono mmoja. Ajuaye saba kwa Kiswahili tu, VII kwake ni jambo la kukariri.

Lakini Kiturkana na sheria ya shuleni huachana penye tisa. Tisa ni kan ka omwon, tano na nne. Anayeifuata lugha yake ataandika VIIII, na kalamu nyekundu itapita juu yake, kwa kuwa IX ndiyo itakiwayo. Kwa maoni yangu kalamu hiyo ina haraka. Warumi wenyewe waliandika VIIII mara nyingi, na kanuni ya kupunguza haikushikwa kwa ukali hadi baada ya karne nyingi. Katika Colosseum ya Roma, mlango wa arobaini na nne umechongwa XLIIII: fundi yule yule alipunguza penye arobaini, akaongeza penye nne, na hakuna aliyemwambia akafute. Saa nyingi za ukutani hata leo zina IIII badala ya IV. Mwalimu aliye Kakuma, ambaye darasani mwake huenda mna watoto wa lugha kumi, angeweza kumwuliza mwenye VIIII aisome kwa sauti kwanza, kisha ndipo amwonyeshe IX.