Isumbi na Nyumba ya Msonge: Habari za Useremala wa Nyumbani katika Usukuma

Kiti kwa Kisukuma huitwa isumbi. Isumbi ya wazee haina viungo: mchongaji alikata gogo moja, akalichonga hata kikao na miguu vikatokea katika mti ule ule. Mninga ulipendwa kwa kazi hiyo, maana ukikauka haujipindi sana. Watemi nao walikuwa na isumbi yao, na katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, liko jengo lililofanywa kwa umbo la kiti hicho.

Lakini msomaji atauliza, shoka na tezo zilitoka wapi? Zilitoka upande wa magharibi, katika nchi ya Wazinza ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Geita. Huko walikaa Warongo, wafua chuma mashuhuri, walioyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti. Majembe yao yalichukuliwa mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, tena yalitolewa mahari. Majembe ya Ulaya yalipofika kwa bei rahisi, viriba vyao vilinyamaza kidogo kidogo. Watu wengi husema Geita wakakumbuka dhahabu tu. Mimi naona chuma kilitangulia kuijenga nchi.

Kwa zana hizo kila mtu alikuwa fundi wa nyumba yake. Nyumba ilikuwa ya msonge, yaani ya mviringo, kuta zake nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lenye ncha. Kitanda kilikuwa panda nne zilizosimikwa chini, fito juu yake, na ngozi ya ng'ombe juu ya fito. Kitu kilichopasuka kilifungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi, nao ulipokauka ulibana kuliko waya. Matengenezo yalikuwa na wakati wake, baada ya mavuno na kabla ya mvua: kukandika palipobomoka, kuondoa nguzo iliyoliwa na mchwa, kutia nyasi mpya. Moshi wa jiko ulilinda paa na wadudu. Walioanza kupikia nje waliona paa zao zikiharibika upesi, wakashangaa. Kazi iliyomshinda mtu mmoja, kama kuhama, iliwaita basumba, chama cha vijana wa kijiji, nao walibeba hata boriti za nyumba ya kale.

Ufundi huu haukusahauliwa kwa uvivu, kama wengine wasemavyo. Ulikosa miti. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o; Bwana C. F. M. Swynnerton alifanya uchunguzi wake huko, na Mtemi Makwaia wa Usiha aliwatoa watu wake kwa maelfu wakafyeka. Ng'ombe walipona, na hilo lilikuwa jambo jema. Kisha pamba ikatwaa mahali pa miti. Fedha ya pamba ilinunua mabati, na bati halitengenezwi kwa tezo. Hata mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini, waliacha nyumba zao pamoja na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Zikabaki bila mlinzi.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Wataalamu kwanza walipanda miche, na mingi ilikufa kwa ukame. Ndipo wakarudi kwenye desturi ya wenyeji: funga ngitili, mizizi iliyomo ardhini itachipua yenyewe. Inasemwa zilikuwa kama hekta 600 tu zilipoanza kuhesabiwa. Baada ya miaka 15 hivi zilipita hekta 300,000. Zikarudi nyasi za kuezekea, fito na nguzo. Upande wa Geita mambo ni mengine, kwa kuwa miti mingi hushuka mashimoni kuwa matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za duara zisiwaangukie wachimbaji.

Nami nina ushahidi wa aibu yangu. Katika shule niliyofundisha tulitengeneza madawati kwa mbao mbichi na misumari, nikajisifu. Ulipofika mwezi wa Agosti mbao zilisinyaa, misumari ikalegea, na watoto wakaanguka chini katikati ya somo la hesabu. Mzee mmoja wa kijiji akapita, akashika ubao, akasema, "Mwalimu, mti huu haujafa bado." Alitufundisha kuuanika kivulini miezi mingi, kisha kuchonga ulimi unaoingia katika tundu, na kuufunga kwa kijiti kikavu badala ya msumari. Mbao za kurudia kazi tulizipata katika ngitili ya kijiji, kwa idhini ya wazee, mti mmoja tu, nao walituonyesha ni upi. Nilipohama shule ile madawati saba kati ya manane yalikuwa yangali imara. La nane nililichonga mimi.