Kutafuta Hitilafu ya Umeme Katika Motokaa za Kale

Huko Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, lipo jabali ambalo wenyeji huliita Pomonda. Wajerumani waliona lafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaipa bandari ile jina la Sphinxhaven. Tarehe 13 Agosti 1914 sitima yao iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu mahali hapo, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimekwisha kutangazwa. Ikatokea sitima ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Komanda Rhoades, ikaipiga mzinga. Wakuu hao wawili walikuwa marafiki, na husimuliwa kwamba Berndt alitoka kwa mashua akiwaka hasira, akamwuliza mwenziwe kama amelewa. Akatekwa. Sitima haikuvunjwa siku ile. Waingereza waliondoa baadhi ya sehemu muhimu za mtambo wake, wakaenda zao. Walirudi tarehe 30 Mei 1915 kuilipua kwa baruti. Na baada ya vita ilitengenezwa upya, ikaitwa King George V.

Wanahistoria hukitaja kisa hiki kwa ajili ya mzinga. Mimi nakitaja kwa ajili ya zile sehemu chache za mtambo. Kwa muda wa miezi tisa sitima ile ilikuwa nzima machoni pa mtu aliyepita mbali, na kumbe ilikuwa mfu. Jambo kama hilo ndilo lililoamriwa Uingereza mwaka 1940, pale wenye motokaa walipotakiwa kuzilemaza wanapoziacha, adui asipate kuzitumia. Na njia rahisi ilikuwa kufungua distribyuta na kutoa rota, kipande kinachoenea kiganjani mwa mtoto. Lakini iko tofauti kubwa baina ya sitima na motokaa. Mvuke ukivuja huonekana, na mafuta yakimwagika huacha doa. Umeme ukipotea njia hauachi alama, na fundi hulazimika kuusaka kwa hoja kabla ya kuusaka kwa mkono. Nadai katika makala hii kwamba hitilafu ya umeme katika motokaa ya kale, hasa ile ya michezo iliyopita mikononi mwa watu wengi, aghalabu ni habari ya historia yake, na kwamba anayekata nyaya kabla ya kuisoma historia hiyo huchoma hati ambayo haina nakala.

Hapo mwanzo motokaa haikudai umeme mwingi. Luteni Paul Graetz alipotoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa motokaa iliyoundwa Gaggenau, hata akafika Swakopmund kwenye bahari ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909, umeme ulitakiwa kwa kazi moja tu: kuwasha cheche ndani ya silinda. Kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilikuwa imetoa mwaka 1902 magneto yenye nguvu kubwa, chombo kinachozaa umeme wake chenyewe kwa kuzungushwa na injini. Magneto haikuhitaji betri, na nchi isiyokuwa na mahali pa kuchaji betri haikuweza kutamani kitu bora zaidi. Ford ya namna ya T, iliyoundwa tangu 1908 hadi 1927, ilikuwa na sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu zito la injini, na koili nne zilizovuma kama nyuki sandukuni. Dereva alitega sikio. Koili iliyonyamaza ndiyo iliyokuwa na ila. Sidhani kama pamepata kuwapo njia nyepesi kuliko hiyo ya kumtambua mkosaji.

Mambo yaligeuka mwaka 1912. Charles Kettering aliitilia Cadillac stata ya umeme, hendeli ikaanza kusahauliwa, na tangu hapo motokaa ikaingia deni. Stata hula umeme wa betri, na dainamo hulipa polepole injini inapokwenda. Zikaongezeka taa, honi, vifagio vya kioo, redio. Kila kimoja kikawa mdai mpya. Hitilafu nyingi zinazoitwa za umeme ni hesabu ya deni hilo iliyoharibika: ama betri hailipwi, ama inaibiwa usiku, ama malipo yanakwama njiani.

Katika nchi zetu deni hilo lilikuja kwa sehemu kubwa ndani ya motokaa za Kiingereza zenye vyombo vya Joseph Lucas wa Birmingham. Waingereza wenyewe walimfanyia mzaha, wakamwita Mkuu wa Giza. Mzaha huo una utamu wake, lakini haki yake ni haba. Lucas ndiye aliyetuachia lugha ya rangi, ambayo fundi aliyeijua hakupotea. Waya wa kahawia hutoka betrini moja kwa moja, bila fyuzi. Mweupe hupata umeme swichi ya ufunguo ikifunguliwa. Wa kijani ni mtoto wa mweupe aliyepita kwenye fyuzi. Wa zambarau una fyuzi lakini haungoji ufunguo. Wa buluu ni wa taa kubwa, mwekundu ni wa taa ndogo, na mweusi hurudi kwenye bodi. Huu ni mwandiko kamili. Ukikuta waya mwekundu umefungwa kwenye bodi, ujue hapo pameingia mkono wa pili, na kwamba mkono huo ulikuwa na haraka, au waya mweusi ulimwishia.

Tena liko jambo la bodi lenyewe. Umeme hutoka betrini kwa waya, lakini hurudi kwa chuma cha motokaa. Motokaa nyingi za Kiingereza za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilifunga upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha desturi iliyofuata. Mtu anayepachika humo redio ya siku hizi pasipo kutazama huiunguza papo hapo, kisha huilaumu motokaa.

Motokaa za michezo zilizidisha taabu hii. Mfano ulio maarufu zaidi kwetu ni Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilikimbiwa usiku na mchana, na usiku dereva huishi kwa taa zake. Basi katika 240Z iliyouzwa dukani, umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ndogo iliyo kwenye mhimili wa usukani. Miaka ikipita, vidole vya shaba vya swichi hiyo hupata kutu, kutu huzaa joto, na joto huyeyusha plastiki. Mwenye motokaa huona taa zimefifia akanunua taa kali zaidi. Taa kali huvuta umeme mwingi zaidi, na swichi huungua. Dawa imekuwa ugonjwa.

Natuitie motokaa ya namna hiyo katika njia ya kutoka Songea hadi Mbinga, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Sidai kwamba Umatengo ulipata kujaa motokaa za michezo. Njia ile ilijulikana zaidi kwa malori ya kahawa na kwa Land Rover. Lakini ni shule nzuri ya waya. Nyanda za Wamatengo, zenye mashamba ya ngoro yaliyochimbwa kama sega la nyuki mteremkoni, zimeinuka zaidi ya meta elfu moja juu ya bahari, na ziwa liko kwenye meta 475 hivi. Katika kilometa 66 baina ya Mbinga na Mbamba Bay injini hutoka ubaridi wa mlimani ikaingia joto la ufukoni lenye unyevu, na ikirudi hupanda ikiwa imechemka. Kabla ya lami, iliyofika katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020, udongo wenye mikunjo kama bati ulilegeza kila nati. Vumbi liliingia ndani ya distribyuta na unyevu ukalifuata. Mafundi wa njia ile walifanya kazi wakati gridi ya taifa haijafika hata Songea, kwani ilifika mwaka 2018, na vipuri vilitoka Dar es Salaam, kilometa zipatazo elfu moja. Mtu aliye mbali namna hiyo na duka hawezi kubadili kitu kimoja baada ya kingine mpaka abahatike. Umbali ulimfunza kufikiri.

Chukua hitilafu moja inayoijia sana njia ya mlima: injini inakufa katikati ya mwinuko, inakaa nusu saa, kisha inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Wengi hununua koili. Yamkini ni koili kweli, au kondensa inayoshindwa ikipata joto. Lakini kabla ya kununua chochote fundi mzuri hufungua distribyuta na kuushika ule waya mfupi laini unaokwenda kwenye platini. Sahani ya platini husogea kila mara dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, na waya ule hupindwa nayo maelfu ya mara. Nyuzi zake za shaba hukatika ndani, ilhali ganda lake la nje limebaki zima. Kwa macho ni mzima. Uvute polepole: ukirefuka kama mpira, umempata mwizi.

Sasa tuseme imeletwa MGB ya mwaka 1965, yenye dainamo na betri mbili za volti sita nyuma ya viti. Mlalamikaji asema mambo mawili: asubuhi betri imekufa, na stata huguna hata betri ikiwa imechajiwa. Fundi asiye na subira atauza betri. Mwenye subira atamtaka mwenziwe azungushe stata huku yeye ameshika kebo ya choki. Kebo ikipata moto, jibu limepatikana: mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi umekatika au haukurudishwa baada ya matengenezo ya zamani, na umeme wote wa stata unatafuta njia ya kurudi kwa kebo nyembamba ambayo haikuumbwa kwa mzigo huo. Injini imekaa juu ya mipira, haina njia nyingine. Kasoro hii imepata kuunguza motokaa.

Laumu la pili ladai taa ndogo ya kujaribia. Zima kila kitu, funga milango, ondoa waya mmoja wa betri, na uiweke taa baina ya waya huo na betri. Ikiwaka, kuna anayekula usiku. Hapa ndipo penye kishawishi cha mkasi. Nimeona motokaa ambazo fyuzi zake zimefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nyingine ambazo nusu ya nyaya zake zilikatwa zikaachwa zikining'inia, nyaya mpya za rangi moja zimepitishwa juu yake. Aliyefanya hivyo alipata taa usiku ule, sikatai. Naye pengine alikuwa porini na mvua inanyesha. Lakini aliyemfuata hakuweza tena kujua lipi lilikuwa la kiwandani, lipi la jana, na kila hitilafu iliyofuata ikawa ngumu mara mbili.

Kwa hiyo asikate. Atoe fyuzi ya zambarau: taa ingali inawaka. Basi mwizi yuko kabla ya fyuzi, katika ukoo wa waya wa kahawia. Auchunguze kwanza kama kuna waya wa ziada uliodandia hapo, wa redio au wa honi ya pili; ukiwapo, auondoe kwa bisibisi na auandikie kikaratasi. Taa ingali inawaka. Sasa afungue kifuniko cha sanduku la kudhibiti dainamo. Ndani yake mna katauti, ambayo kazi yake ni kuitenga dainamo na betri injini inapozimwa. Platini zake, zilizopigwa na cheche kwa miaka mingi, zimegandana, na betri imekuwa ikijimwaga ndani ya dainamo usiku kucha. Achukue kipande cha karatasi ngumu, kikavu, akipenyeze taratibu baina ya platini hizo. Na ile taa ndogo kando ya betri itazimika.